Nafasi Baina ya Nyuzi Mbili

Mtu akirithi chombo kilichotengenezwa kwa kipimo cha mkono wa mwingine, je, ana haki ya kukibadili kipimo hicho ili kilingane na mkono wake? Swali hili huonekana kuwa la mafundi, lisilostahili kuwashughulisha watu wa fikra. Nami nililichukulia hivyo kwa muda mrefu, hadi siku nilipokaa uani Kintinku, wilayani Manyoni, mkoani Singida, tupa mkono wa kulia na zeze la marehemu mjomba wangu magotini, nikatenda tendo la dakika kumi ambalo mpaka leo sijajua niliandike katika daftari lipi, la hisani au la dhuluma.

Msomaji wa visiwani, aliyelelewa na udi na ganuni, yamkini halijui zeze la Ugogo, na wala si ajabu ikiwa hajui kwamba Wagogo hawakuishia Dodoma. Mpaka wa mikoa umepita katikati yao. Ukishuka bonde kutoka Saranda kuelekea mashariki, umo Singida kwa hesabu ya serikali na umo Ugogoni kwa hesabu ya lugha na ngoma. Zeze lenyewe ni kibuyu kilichokatwa na kuwambwa ngozi, kikapitishwa mpini wa mti. Kichwani mwa mpini vimo vigingi viwili vya kukazia nyuzi, na juu ya ngozi kimesimama kijiti kifupi kinachozinyanyua nyuzi hizo, ambacho hapa nitakiita daraja. Nyuzi ni mbili. Zamani zilikuwa za mishipa ya wanyama. Siku hizi ni waya, aghalabu zile zinazochunwa kwenye breki ya baiskeli au kwenye tairi kuukuu. Mpigaji hulikwaruza zeze kwa uta mdogo uliopakwa utomvu, naye huimba papo hapo. Sauti zake hazifuati ngazi ya piano. Waliouchunguza muziki wa Ugogo, akiwamo Gerhard Kubik, wameonyesha kwamba msingi wake ni zile sauti za asili ambazo uzi huzitoa wenyewe unapojigawa.

Mgongoni mwa daraja imechongwa mifuo miwili, kila uzi na mfuo wake. Umbali wa mfuo mmoja hadi wa pili ndio mada yangu. Umbali huo hausikiki. Ukisimama nje ya nyumba utausikia uzi, utausikia uta, utaisikia pumzi ya mwimbaji. Nafasi hutaisikia, ilhali vyote hivyo vimesimama juu yake. Nyuzi zikikaribiana mno, kidole kinachougusa uzi mmoja huubughudhi wa pili, na uta hauna pa kupita ila juu ya zote mbili kwa pamoja. Zikiachana mno, mkono mdogo haufiki.

Katika daraja la mjomba, mifuo ilikuwa imeachana kwa wanda mzima na ziada. Mazeze mengine niliyoyaona Kintinku na Kilimatinde yalikuwa na nafasi ndogo kuliko hiyo. Mjomba alikuwa mkulima wa uwele na mtama, mwenye vidole vinene kama mizizi ya mbuyu, na sote tulisadiki kwamba sababu ni vidole vile. Hakuna aliyemuuliza. Alipofariki, zeze lilining'inia ukutani miaka minne. Aliyelishusha ni mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kumi na miwili. Baadhi ya wazee waliguna, kwa kuwa zeze limekuwa aghalabu chombo cha wanaume, na wanawake wana ngoma zao za muheme. Lakini mguno huo haukuwa na nguvu, na binti hakuusikia au alijifanya hakuusikia. Lililomshinda ni ile nafasi. Kidole chake kilifika kwenye uzi wa kwanza, kwenye wa pili kikapapasa hewa. Alijaribu majuma mawili, kisha akaja kwangu akaniambia, "Babu, hili zeze halinitaki."

Nilichukua tupa. Nilisawazisha mgongo wa daraja mpaka mifuo ya zamani ikafutika, kisha nikachonga mipya, iliyokaribiana kwa kadiri ya theluthi mbili ya umbali wa awali. Vumbi la mti likamwagikia kanga ya mkaza mjomba, aliyekuwa ameketi kando yangu akipepeta uwele. Alitazama, hakunena kitu. Jioni ile binti alipiga, na uani kwetu mlikuwa na furaha ambayo sijui kama nitaiona tena.

Sasa nijitetee kwanza, maana hoja za kunitetea zipo na si dhaifu. Wazee wetu walipima dunia kwa miili yao. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Kila mtu alizaliwa na vipimo vyake, na mnunuzi mwenye akili sokoni alimtuma mwenye mikono mirefu akanunue kitambaa. Chombo kilichotengenezwa kwa wanda wa mtu ni cha mtu huyo kama kilivyo kiatu chake. Kumlazimisha mtoto avae kiatu cha babu yake kwa jina la heshima ni kumfundisha kuchechemea. Josef Hofmann, mpigaji mashuhuri wa piano aliyezaliwa Poland mwaka 1876, alikuwa na mikono midogo. Kiwanda cha Steinway kilimtengenezea piano yenye vibao vyembamba kuliko kawaida, na sijapata kumsikia mtu akisema kwamba kwa kufanya hivyo alimvunjia Beethoven heshima.

Upo mfano mwingine ulionishughulisha zaidi, kwa sababu unahusu nyuzi zenyewe. Wengi wetu tumelisikia gitaa la pedali bila kulijua jina: ndilo linalolia kama mtu aliyefiwa nyuma ya nyimbo za kantri za Marekani, ambazo redio ziliwahi kuzipenda mno katika Afrika Mashariki. Waliofuatilia muziki wa Nigeria wamelisikia pia mkononi mwa Demola Adepoju katika bendi ya King Sunny Adé. Halishikwi kifuani kama gitaa tulizoea. Hulazwa juu ya miguu yake kama meza, mpigaji akaketi, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono mmoja na kuzidonoa kwa mwingine, huku miguu ikikanyaga pedali zinazokaza na kulegeza nyuzi zikiwa zinalia. Magitaa hayo katika siku zake za mwanzo yalikuwa kazi ya mafundi wachache wa kuagizwa. Paul Bigsby wa California alimtengenezea Speedy West lake mwaka 1948. Kila fundi alikuwa na rula yake na kila mpigaji na vidole vyake, na kwa hiyo magitaa ya zamani hayalingani katika nafasi za nyuzi. Tofauti yenyewe huwa chini ya unene wa kucha, lakini aliyezoea moja akihamia jingine, vidole vyake huangukia pasipo na uzi. Na anayetaka kurekebisha hawezi kurekebisha kimoja. Akizisogeza nyuzi, zile sumaku ndogo zilizopangwa chini yake, kila moja chini ya uzi wake ili kuinasa sauti, zinabaki mahali pake. Uzi umehama, sikio la chombo halikuhama. Jambo hili la sumaku nilipolifahamu lilinitia wasiwasi, ingawa zeze halina sumaku. Lilinionyesha kwamba nafasi baina ya nyuzi huenda imefungamana na kitu kingine nisichokiona.

Nirudi Kintinku. Mwaka ulipita, binti akapata ustadi wa kutosha, tukamwomba mkaza mjomba aimbe ule wimbo ambao yeye na marehemu waliuimba pamoja katika arusi na matanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikubali. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili, na katika wa tatu akanyamaza, akamtazama mtoto. Mtoto aliendelea kupiga. Bibi akaanza tena toka mwanzo, na mahali palepale akanyamaza. Mara ya tatu akasema, bila ukali wowote, "Zeze linaongea juu yangu."

Ndipo tukaambiwa tulichopaswa kukijua kabla ya kuishika tupa. Mjomba alizitenga nyuzi zake kwa makusudi. Alipofika mahali ambapo mkewe anapokea, uta wake ulikaa juu ya uzi mmoja tu, ule mzito, ukabaki kama mtu anayeguna kukubali. Kiitikio kilipofika ndipo uta ukazikumbatia nyuzi zote mbili. Nafasi ile pana ndiyo iliyomwezesha kuuacha uzi mwembamba ulale, hata mkono ukiwa umechoka, hata usiku ukiwa umekwenda sana. Kwenye mifuo niliyoichonga mimi, uta hauna pa kupumzikia. Ukigusa uzi mmoja umegusa na wa pili, labda mpigaji awe na mkono mwepesi kupita wa mtoto yule. Vidole vinene havikuhusika. Umbali ule ulikuwa mahali pa mke wake kuimbia.

Nilimuuliza kwa nini hakunizuia siku ile, naye ameketi pale pale. Alijibu, "Hukuniuliza, baba. Nawe ndiwe msomi."

Mimi si msomi. Shule niliiacha mapema, na lugha nilizozijua nimezifuata mwenyewe kwa kamusi na kwa mshumaa. Lakini jibu lake lilinichoma kwa sababu nyingine. Miaka kadhaa kabla ya hapo niliwahi kuzitafsiri nyimbo sita za mjomba kutoka Kigogo hadi Kiswahili. Nilizitia katika mizani nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, kama alivyotuwekea kanuni Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, nami nilijivunia kazi hiyo. Nilipoitoa tena sandukuni baada ya siku ile, niliona kwamba kila mahali ambapo mjomba alinyamaza ili mwingine apokee, mimi nimejaza maneno. Mizani ilikuwa pungufu, nikaijaza: hapa "hakika", pale "jamani", penginepo jina la Mungu, ambalo mtunzi hakulitaja. Hakuna silabi iliyokosekana. Na hakuna mke katika nyimbo zile. Mifuo ya daraja niliikaribisha kwa ajili ya mtoto, angalau. Maneno ya nyimbo niliyakaribisha kwa ajili ya nani?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutokugusa. Chombo cha marehemu kiwekwe ndani ya kioo, kipimwe, kipigwe picha, na asiweke mtu tupa. Naielewa hoja hii, na leo ningetoa chochote kuupata umbali halisi wa mifuo ile ya kwanza, ambao haukuandikwa popote. Ila naona kuwa wenye hoja hii hawajaitazama vizuri historia ya vile wanavyoviabudu. Fidla za Antonio Stradivari wa Cremona, aliyefariki mwaka 1737, ndizo vyombo vinavyotukuzwa kuliko vyote duniani, na karibu zote zilibadilishwa shingo katika karne ya 19, zikawekewa ndefu zaidi na zilizoinama zaidi, kwa kuwa kumbi zilikuwa zimekuwa kubwa na nyuzi zilihitaji kukazwa zaidi. Tunachokisikia leo na kukiita Stradivari ni mwili wa fundi mmoja na shingo ya mwingine. Kama zisingeguswa, zingekuwa zimenyamaza kitambo. Hata ganuni, inayosimuliwa kuwa ililetwa Unguja na mtu aliyetumwa Misri kujifunza katika enzi ya Sultani Barghash, yaani baina ya 1870 na 1888, haina umbo moja: ya Kiarabu aghalabu ni kubwa kuliko ya Kituruki, na mikono imezoea hii na ile.

Na wapo watakaosema kinyume chake: kipimo kiwe kimoja kwa wote, hapo ugomvi utakwisha. Hilo nalo limejaribiwa, na jirani yetu mwenyewe. Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 alipita Tanganyika akirekodi nyimbo, alianza katika miaka ile kutengeneza kiwandani, Afrika ya Kusini, kile alichokiita kalimba, kwa mfano wa vyombo vya Kiafrika vya jamii ya malimba. Kila kibao kilikaa kwa umbali uliopangwa, na sauti zikafuata ngazi ya Kizungu, ili mtu yeyote popote aweze kupiga. Sina neno baya juu ya chombo hicho, kimewafurahisha wengi. Lakini ilimba ya Mgogo fulani ilijibu sauti ya Mgogo yule na ya wenzake walioketi naye. Kalimba ya kiwandani inamjibu kila mtu kwa namna ile ile, na sijui kama huko ni kujibu.

Mwenye kunisaidia zaidi katika jambo hili ni Hukwe Zawose. Yeye alikuwa Mgogo wa Dodoma, akaja kuwa mwalimu wa wengi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, nyimbo zake zikarekodiwa Uingereza na kampuni ya Real World, akafariki Desemba 2003. Hakujifunga na zeze la nyuzi mbili. Alipiga makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi, na ilimba zake vilevile zilizidi zile za wazee. Alizibadili nafasi za nyuzi kuliko nilivyobadili mimi, na sijamsikia mzee wa Ugogo aliyesema kwamba Zawose aliharibu. Nadhani sababu ni kwamba kabla ya kuongeza uzi wa tatu alikwisha kujua mbili zinasemezana nini. Kipimo cha zamani kilikaa kwanza mkononi mwake, kikamuumiza, kikamfunza, ndipo akakiacha. Mimi nilikiacha kabla hakijanigusa. Kosa langu, nikiliangalia kwa utulivu, halikuwa katika tupa. Lilikuwa katika yale majuma mawili ambayo mtoto alijaribu na mimi nikawa natazama, nisijaribu mwenyewe hata siku moja, na katika yule mama aliyeketi hatua moja kutoka kwangu, mwenye jibu la swali ambalo sikuliuliza kwa kuwa nilidhani mambo ya nyuzi ni ya mikono tu.

Lakini hata hapa sijatulia. Maana tuseme ningemuuliza, naye akanieleza yote. Mtoto asingekuwa na vidole virefu zaidi kwa sababu ya maelezo hayo. Ningelazimika kuchagua kati ya nafasi ya bibi kuimbia na nafasi ya mjukuu kufika, na wote wawili walikuwa na haki juu ya zeze lile: mmoja kwa miaka thelathini iliyopita, mwingine kwa miaka ambayo Mungu atamjalia. Aliyekufa hadai kitu kwa mdomo wake. Wanaodai ni walio hai, na wanadai mambo mawili yasiyoenea juu ya kijiti kimoja.

Nimechonga madaraja mapya matano, kila moja kwa nafasi tofauti kidogo, nikiongozwa na vigingi vya juu, ambavyo sikuvigusa, na sikio la mkaza mjomba. La kwanza alilikataa kabla mstari haujaisha. La tatu alisema "karibu". La tano linatosha, kwa kauli yake, ingawa siamini kwamba ndilo lile. Naamini amechoka kunisahihisha. Lile nililolitia tupa nimelifunga katika kitambaa nikaliweka ndani ya Biblia ya marehemu.

Tatizo ni kwamba binti halitaki la tano. Ana miaka kumi na mitano sasa, vidole vyake vinafika, lakini mkono umekwisha kuizoea nafasi yangu nyembamba, na ametunga nyimbo zake mwenyewe ambazo nyuzi zote mbili hulia bila kupumzika tangu mwanzo hadi mwisho, nyimbo za haraka, ambazo vijana wa Kintinku huzipenda. Amechonga daraja lake kwa kipimo hicho, bila kuniomba ushauri.

Mwezi uliopita nilikuwapo bibi yake alipomwomba wapige ule wimbo wa zamani. Nilitoa daraja la tano mfukoni, binti akatikisa kichwa, akaanza na la kwake. Bibi aliimba mstari wa kwanza na wa pili. Alipofika mahali pake akavuta pumzi, na nikamwona mtoto akimtazama mdomoni, kisha akauinua uta kabisa juu ya nyuzi zote, akaushika hewani. Pakawa kimya. Si ule mguno wa uzi mmoja wa mjomba. Kimya kitupu, kilichosikika kuku akiparua majani nyuma ya jiko. Bibi aliimba sehemu yake peke yake ndani ya kimya kile, polepole, mpaka mwisho, na uta ukashuka.

"Sivyo alivyofanya babu yako," alisema. Kisha akaanza ubeti wa pili.